Karai la Sostenes

Mimi ni Mama Martina, mwenye kibanda cha chakula hapa Kahama, pale Nyahanga, kile chenye turubai la bluu. Nina hasira na sitaificha. Watu wa mtaa huu wakisimulia habari za Sostenes wanacheka, wanazifanya kichekesho cha kwenye misiba, na wengi wa hao wanaocheka siku ile mikono yao ilikuwa na grisi. Kwa hiyo nitasimulia mimi, niliyekuwa nimesimama ng'ambo ya barabara na mwiko mkononi.

Sostenes ni mtu wa kawaida tu. Kwao ni upande wa Kharumwa. Alijifunza kuchomelea akiwa kijana, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Karasha likipasuka anaitwa, analichomelea, linasaga, linapasuka tena. Siku moja akila michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga pale kwangu aliniambia amechoka kutengeneza vitu ambavyo vinajivunja vyenyewe kila siku. Nikamwambia hata mimi napika ugali unaoliwa ukaisha, na kesho napika tena. Akacheka, lakini hakukubali.

Kisha ukapita msafara wa magari ya zamani, Wazungu na magari ya babu zao, wakielekea mpakani. Moja lilisimama mbele ya kibanda changu, bomba la moshi likiburuta chini. Sostenes akaingia uvunguni akalichomelea. Mwenye gari alikuwa mzee mwenye kaptura, akamweleza kupitia dereva wao Mtanzania kwamba huko kwao ana fundi ambaye kazi yake ni hiyo tu, kulichukua gari lililokufa na kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani, na kwamba fundi huyo amejenga na kusomesha kwa kazi hiyo. Sostenes siku hiyo hakumaliza ugali wake. Alikaa akiyataja magari anayoyajua: lipo Landrova kwa mzee Maduhu kule kwao, ipo Peugeot nyuma ya misheni, lipo lori la Bedford kwenye ghala la Pritesh mwenye duka. Aliyataja kama mtu anayetaja ndugu zake waliopotea. Mimi nilimwona amechanganyikiwa, lakini ni kuchanganyikiwa kuzuri, sikumkataza.

Akaacha karasha. Akakodi kiwanja ng'ambo ya kibanda changu, akazungushia mabati, akaandika kwa rangi: TUNAFUFUA MAGARI YA ZAMANI. Watu walipita wakisoma kwa sauti na kucheka. Hapa Kahama mtu akipata dhahabu hata kidogo anakimbilia gari lililoshuka melini juzi. Gari la zamani ni aibu, linawekwa nyuma ya nyumba karibu na choo.

Landrova la mzee Maduhu lilikuwa limekaa uani kwake tangu enzi za pamba, kuku wanatagia kwenye viti. Sostenes alimtengenezea tela la ng'ombe, na mzee akampa gari. Lilitolewa pale kwa kuvutwa na ng'ombe mpaka barabara kuu, watoto wa kijiji wakilikimbilia nyuma wakiimba. Hata hiyo ilikuwa hadithi ya kuchekwa mjini kwa muda mrefu.

Sasa nieleze kazi yake, maana hapo ndipo upumbavu wote ulipoanzia. Bodi ya Landrova la zamani ni alumini, haishiki kutu, lakini chasisi yake ni chuma, na ile ilikuwa imeliwa kama hindi lililoingiliwa na panya. Mafundi wetu wakiona kutu wanaziba kwa puti, wanapaka rangi, unalipa, ukifika Tinde ukavuka matuta puti imebaki barabarani. Sostenes alikataa puti. Alikata kutu yote mpaka akafikia chuma kizima, akachomelea kiraka, akasaga mshono kwa grenda mpaka mkono wako ukipita juu hausikii kitu. Kila nati aliyofungua aliiosha. Alichuchumaa kando ya barabara, akamimina mafuta ya taa kwenye karai, akatia nati na bolti, akaanza kulizungusha. Taratibu, karai limeinama kidogo, uchafu unapanda juu, anaumwaga, anazungusha tena, anainamisha kichwa kutazama kilichobaki chini.

Nani katika nchi yetu hii hajui mtu anayezungusha karai namna ile anatafuta nini?

Kwanza alisimama mwendesha bodaboda mmoja, akachungulia. Akauliza humo mna nini. Sostenes akajibu bila kuinua kichwa kwamba mna nati. Kesho yake wakasimama wengine, na keshokutwa wengine. Kila mmoja aliambiwa ni nati, na kila mmoja aliondoka akiwa na hakika kwamba si nati, kwa sababu huku kwetu aliyepata ndiye anayesema hakupata. Mchimbaji aliyekosa utamsikia analalamika mpaka kwenye daftari langu la madeni. Aliyepata ananyamaza na kufunga geti. Na Sostenes alikuwa mkimya, tena alifunga geti kila jioni.

Basi wakaanza kusema ni zebaki nyekundu. Zebaki ya kawaida kila mtu anaijua, ndiyo inayokamatia dhahabu kule kwenye mialo ya kuoshea mchanga. Nyekundu haijapata kuonwa na mtu. Lakini kila mtu anamjua mtu aliyeiona, na mtu huyo daima yuko wilaya nyingine. Wanasema Wakoloni waliificha kwenye redio, kwenye cherehani, kwenye magari yao. Nimewahi kuona cherehani nzima ya mjane imepasuliwa kwa nyundo, na mjane yule mpaka leo anashona kwa mkono. Nikiwauliza vijana hao wakila kwangu, zebaki nyekundu inafanya nini, hakuna anayejua. Wanajua tu kwamba ukiipata umeaga umaskini. Nikiwabana wananijibu kwamba lisemwalo lipo. Hiyo methali kuna watu wanaitumia kama panga.

Upande wa pili alikuwepo Pritesh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na vipuri pale mjini. Babu yake alinunua pamba huku, baba yake aliendesha lile Bedford mpaka vijiji vya Usumbwa, na yeye mwenyewe Kisukuma anakiongea kuliko wanangu. Sostenes alikwenda kumwomba kazi ya kulifufua lori. Nilisimuliwa na Sostenes mwenyewe, na Pritesh baadaye alikubali kwamba ndivyo alivyosema.

"Siwezi kukupa lori la baba yangu uje uligeuze geti," alimwambia. "Siku nitakapoliona hilo Landrova linapita mbele ya duka langu kwa injini yake, halivutwi wala halisukumwi, nitakupa ufunguo wa ghala. Na nitawaambia wenzangu Mwanza na Shinyanga, maana wako wengi wenye magari ya wazee wao na hawajui pa kuyapeleka."

Hapo ndipo maisha ya Sostenes yaliposimama. Landrova lipite, karakana iishi. Lisipopita, arudi kwenye karasha kwa wale wale aliowaaga kwa majivuno. Mkewe Melania alikuwa ameanza kuuza karanga mbichi stendi ili jikoni kusizimike, na hakuwahi kumlaumu mbele ya watu. Kila nilipomwona anapita na beseni lake kichwani nilimwombea Landrova lile liwake upesi.

Na liliwaka. Nilikuwa nakamua limau kwenye samaki nikasikia ngurumo, nikatupa limau. Sostenes alikuwa amesimama kando ya injini, mikono kiunoni, machozi yakimtoka waziwazi. Kilichobaki kilikuwa mlango wa dereva, maana fremu ya ule wa zamani ilikuwa imeoza yote. Nilimwambia aende hivyo hivyo bila mlango. Akaniambia, "Mama Martina, gari lisilo na mlango ni gari bovu. Sitaki aone gari bovu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Sostenes ana mdogo wake, Magesa, baba mmoja mama mmoja, ambaye Sostenes ndiye alimlipia ada mpaka akamaliza sekondari. Magesa ni broka wa mawe ya dhahabu, anavaa viatu vyeupe kwenye vumbi lote hili, na chakula chake cha mchana kilikuwa kwangu. Alikuwa akija karakana kumsalimu kaka yake, anazungukazunguka, anainama uvunguni. Kaka yake alifurahi, akadhani kijana amependa kazi. Akamwonyesha viraka vyote kwenye chasisi, akamshika mkono akaupitisha juu ya mishono ili asikie ilivyo laini. Chasisi ya Landrova ni bomba, ndani ni tupu. Magesa hakuona kazi ya kaka yake. Aliona mahali palipozibwa.

Akamwambia Sostenes kwamba amesikia kuna mlango wa Landrova kama lile kwa mnunua vyuma chakavu mmoja Runzewe. Sostenes akapanda gari la asubuhi, na ufunguo wa geti akamwachia nani? Akamwachia Magesa. Vumbi la basi hilo lilikuwa halijatulia.

Magesa aliwafungulia watu geti mchana kweupe. Sijui walikuwa wangapi, walikuwa wengi, na mbele yao mtu mmoja waliyemwita mtaalamu, amevaa miwani ya jua na kushika kijidude chenye waya kinacholia. Kilikuwa kinalia kwenye kila chuma. Na chasisi nzima ni chuma! Hata kwenye sufuria zangu kingelia. Lakini kila kilipolia watu waliguna kana kwamba wameambiwa siri. Wakachana viti. Wakapasua tangi la petroli. Wakachomoa kabureta kwa sababu ina shaba, wakang'oa taa, wakamwaga makopo yote ya nati alizoosha, wakazigombania. Kisha wakachukua grenda ya Sostenes mwenyewe, wakaingia uvunguni, wakafungua kiraka kimoja kimoja. Kila mahali alipochomelea walipakata. Hawakugusa penginepo.

Nilivuka barabara na mwiko wangu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kiongozi mmoja wa mtaa, simtaji jina, nilimpigia simu akaja mbio, nikashukuru Mungu, naye akasimama pembeni akauliza kwa sauti ya chini kama wameshaipata. Nikamshika Magesa shati nikamwambia hii ni kazi ya kaka yako, unamuua. Akaitoa mikono yangu taratibu, kwa adabu kabisa, mbele ya wateja wangu wote.

"Hii ni mali ya familia, mama," akasema. "Wewe uza ugali."

Sawa. Neno hilo nililimeza na halikushuka.

Hawakupata kitu. Mtaalamu akasema zebaki ikiona watu wenye mikosi huhama, akaondoka na nauli aliyopewa. Wengine wakaondoka na vipande, wakavipime kwanza kwenye karasha. Kufika jioni Landrova lilikuwa limefunuliwa kama mbuzi aliyechinjwa na watu wasiojua kuchinja.

Sostenes alirudi kesho yake. Sasa sikilizeni, maana hiki ndicho kinachoniunguza. Kule Runzewe hapakuwa na mlango wowote kwa yule aliyetajwa. Magesa alikuwa ametunga. Lakini Sostenes hakurudi mikono mitupu. Alizunguka kwa wanunua vyuma wote, akauliza mpaka vijijini, na akaupata mlango kweli, wa Landrova lile lile, ulikuwa umefungwa kwenye zizi la ndama. Akauleta juu ya basi. Alishuka mbele ya kibanda changu ameubeba begani, akanipa shikamoo, nikashindwa kuitikia marahaba. Akaniuliza kama Magesa yuko, alitaka kumshukuru.

Nikamwonyesha ng'ambo kwa mwiko.

Aliingia. Nilipomfuata nilimkuta ameuegemeza mlango kwenye ukuta wa mabati, vizuri, usichubuke, na yeye amechuchumaa anapitisha kidole kwenye chasisi pale palipokatwa. Magesa alifika baadaye, bado amevaa viatu vyake vyeupe. Nadhani alitaka kuwa wa kwanza kuongea.

"Kaka, ungesema tu mapema kwamba hamna kitu."

"Nilisema," Sostenes akajibu. "Kila siku nilisema. Mlinisikia kwa masikio ya wezi."

Hakumpiga. Mimi ningempiga. Alifunga geti akaenda kwake, na kwa siku kadhaa geti halikufunguliwa. Nikasikia ameitwa kwenye karasha moja Kharumwa na amejibu kwamba atakwenda. Watu walikuja kula kwangu, wakala wakashiba, wakaanza kuicheka habari ile na vidole vyao bado vina ugali wangu. Magesa alikuwa kati yao. Aliagiza wali na sato.

Nikamwambia hakuna sato. Akasema anawaona pale kwenye kikaango. Nikasema hao si wako.

Kwetu Usukumani mtu akikikosea kijiji hutengwa. Hasalimiwi, hapewi moto wala maji, mpaka alipe. Mambo hayo watu wa mjini wanasema ni ya zamani. Basi na mimi nikafufua cha zamani. Nikazima moto, nikafunika sufuria, nikasimama mbele yao wote. Nikawaambia kila aliyeingia mle ndani ninamjua kwa sura na kwa anachokula. Nati ya Sostenes isiporudi, hapa hapikwi. Na nikaenda kwa mama lishe wengine, kibanda kwa kibanda, mpaka stendi alikokuwa Melania na karanga zake, nikawaambia walichofanyiwa watu hawa na lile neno la kuuza ugali. Neno hilo ndilo lililowaka. Hakuna mama lishe ambaye hajaambiwa na mtu mwenye viatu vyeupe kwamba auze ugali.

Mchimbaji anaweza kuvumilia shimo lenye maji mpaka shingoni, lakini njaa ya mchana hawezi. Vijana walikwenda wakala biskuti na soda wakarudi wamenuna. Mmoja akaleta taa. Nikampakulia. Wengine wakaleta nati kwenye mifuko ya rambo, bolti, kipande cha waya. Kabureta ilirudi imefungwa kwenye gazeti, aliyeileta hakunitazama usoni. Nilivipokea vyote kwenye karai la Sostenes, na lilipojaa nikalibeba mwenyewe kichwani mpaka nyumbani kwake, nikaliweka miguuni pake. Nikamwambia mimi na wenzangu tumelala njaa ya mauzo kwa ajili ya takataka hizi, kwa hiyo asiniambie habari za Kharumwa.

Alilivuta karai karibu. Kisha akaanza kuchambua nati kwa ukubwa.

Landrova hakulitengeneza upya. Hakukuwa na muda wala kitu cha kutengenezea. Alifunga injini tu. Badala ya tangi alining'iniza dumu la petroli lenye mpira, badala ya kiti akaweka kreti la soda. Viraka vya chasisi aliviacha wazi kama walivyovikata. Mlango wa Runzewe akaufunga mahali pake, akaufungua na kuufunga kusikiliza ulivyokuwa ukikaa. Halafu akaliwasha, akatoka nalo getini, na mtaa mzima ukatoka kutazama. Mimi nilipanda nyuma, kwenye chuma kitupu, na mwiko wangu. Asingenishusha mtu.

Pritesh alikuwa mlangoni pa duka. Aliona Landrova lisilo na kioo, halina viti, limechanika, linanguruma sawasawa. Sostenes akapunguza mwendo bila kusimama, akapita, akageuza, akarudi, ndipo akazima.

"Nani amelifanya hivi?" Pritesh akauliza.

"Watu wa kwetu," Sostenes akasema. "Ulisema lipite."

Pritesh alilizunguka gari. Akainama akatazama viraka vilivyofunguliwa, na ndani yake chuma kipya, safi, kilichochomelewa pande zote mbili, hata upande ambao hauonekani na mtu. Wale wapumbavu walikuwa wameifungua kazi yake ili mwenye macho aione. Akaingia dukani, akatoka na ufunguo. Alisema tu kwamba Bedford ya baba yake ilale ndani ya ukuta wa tofali, si mabati, na kwamba tofali atatoa yeye.

Bedford iko karakana sasa. Magesa alikuja wiki iliyofuata, asubuhi, akamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka kaka. Sostenes hakuitika. Alimwonyesha karai, akamwonyesha dumu la mafuta ya taa na rundo la nati za Bedford, kubwa kama ngumi ya mtoto, zenye grisi ya miaka yote. Magesa akavua viatu vyake vyeupe, akachuchumaa kando ya barabara, mbele ya kibanda changu, mbele ya watu wote. Anachuchumaa pale mpaka leo. Mimi sijamsamehe, na sato bado hampati, anakula dagaa.

Juzi alisimama mwendesha bodaboda, akazima pikipiki, akachungulia karai linavyozungushwa. Akauliza kwa sauti ya chini humo mna nini.

"Hamna kitu," Magesa akasema. "Ni nati."

Yule kijana akatabasamu, akawasha pikipiki yake akaondoka, na kabla ya kukata kona aligeuka akamtazama tena.